Kabla moyo haujapasuka: hoja kutoka Mtwara

Siku ya nne tangu ashikwe na mshtuko wa moyo, mjomba aliamka mzima. Ndivyo tulivyoona sisi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akanywa uji bakuli zima, akaomba simu yake. Alitaka kujua mnada wa korosho wa wiki ile ulikwendaje na bei ya juu imefika wapi, maana alikuwa na mzigo ghalani na hamwamini mtu kuufuatilia. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, kisha akanigeukia: "Mpwa wangu, mwambie huyo daktari wako anipe ruhusa. Kitanda hiki kinanikondesha." Wodi nzima ikacheka.

Saa kumi na moja jioni pumzi zikaanza kumpaa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kupima presha aliweka kiganja upande wa kushoto wa kifua, akakiondoa, akakirudisha. Akatulia, macho juu darini, kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza. Kisha akamwita daktari, na alichosema bado ninacho masikioni: "Dokta, kifua kinatetemeka. Kama paka anakoroma ndani."

Alichokishika binti yule kwa kiganja kilikuwa tundu. Moyo una vyumba vinne, na viwili vya chini vinatenganishwa na ukuta wa nyama. Mshipa unaoulisha ukuta huo ukiziba, kipande cha nyama kinakufa, huo ndio mshtuko wa moyo, na nyama iliyokufa mwili hauiachi ilivyo, huanza kuisafisha. Chembechembe nyeupe za damu huingia kuimeng'enya siku kadhaa kabla nyuzi za kovu hazijafika kuishikilia. Katikati hapo, kubomoa kumeshika kasi na kujenga bado, ukuta huwa laini kuliko wakati wowote. Na moyo haupumziki ili ukarabatiwe, unapiga mara 100,000 hivi kwa siku. Baadhi ya mioyo hupasuka ndani ya saa 24 za mwanzo. Kundi la pili hupasuka siku ya tatu, ya nne, ya tano, mara nyingine hata wiki ya pili. Yaani siku zile zile mgonjwa anapokuwa amepata nafuu, ndugu wameanza kurudi mashambani, na yeye mwenyewe anaulizia bei ya korosho.

Kuna mahali patatu pa kupasuka. Ukuta wa nje ukichanika, damu hujaa kwenye mfuko unaoufunika moyo, moyo unabanwa ukashindwa kutanuka, na hapo mara nyingi ni suala la dakika, wengi wa hao ndio tunaowazika tukisema "alikuwa anaongea sasa hivi." Ukuta wa kati ukitoboka, damu ya chumba cha kushoto inarudi kulia na kuyafurika mapafu. Mahali pa tatu ni vijiguzo vya nyama vinavyoshika nyuzi za valvu ya kushoto, ule mlango unaozuia damu isirudi nyuma. Kijiguzo kikikatika, valvu inabaki kama tanga lililokatika kamba katikati ya safari, linapigapiga tu, na kila moyo unapojikamua nusu ya damu inarudi ilikotoka. Cha kutisha kwenye hili la tatu ni kwamba kelele yake inaweza kuwa ndogo sana, au isiwepo kabisa. Mjomba angalau moyo wake ulipiga kelele.

Nimeanza na kitanda cha mjomba kwa sababu tangu msiba ule nimesikia hoja moja ikirudiwa barazani, kwenye daladala, na mara mbili kwenye vikao vya watu wenye nyadhifa: Kusini tungekuwa na upasuaji wa moyo hapa hapa, wazee wetu wasingekufa hivi. Naielewa hasira iliyo ndani ya hoja hiyo. Mtu wa Kusini amezoea kuambiwa kila kitu kiko Dar es Salaam. Lakini kwa ugonjwa huu mahususi, nadhani tunadai kitu cha mwisho kabla ya kitu cha kwanza, na takwimu za wenzetu wenye kila kitu ndizo zilizonifikisha hapo.

Chukua Marekani. Kabla ya zama za kuzibua mishipa, ukuta wa kati peke yake ulikuwa ukitoboka kwa mgonjwa mmoja hadi watatu katika kila 100 waliopata mshtuko wa moyo. Zikaja dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, kisha njia ya kupitisha mrija kwenye mshipa na kuuzibua, na idadi ikaporomoka. Uchambuzi wa rekodi za hospitali za nchi hiyo kuanzia 2003 hadi 2015 ulikuta kwamba, kwa ule mshtuko mkubwa unaoziba mshipa kabisa, mipasuko ya aina zote kwa pamoja haikufika hata watatu kwa kila wagonjwa 1,000. Ni mafanikio makubwa. Sasa tazama upande wa pili wa ukurasa huo huo: kati ya waliopasuka, zaidi ya 40 kwa kila 100 walifia hospitalini, na miaka yote ile 13 kiwango hicho hakikushuka. Nchi yenye mashine zote, madaktari wote na pesa zote imefaulu sana kuuzuia moyo usipasuke, lakini kuwaokoa ambao umeshapasuka bado kunaishinda karibu nusu ya mara.

Mtu anaweza kuipita sentensi hiyo haraka. Mimi nilikaa nayo siku nyingi, kwa sababu inaniambia kwamba hata kama mjomba angezaliwa Boston akalazwa hospitali bora ya huko, jioni ile ya siku ya nne ingekuwa kurusha shilingi.

Ushahidi wa pili ulitokea mwaka 2020, wakati wa korona. Watu katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani waliogopa hospitali, wakakaa na maumivu ya kifua nyumbani siku mbili, tatu. Ghafla madaktari vijana wakaanza kuona mipasuko waliyokuwa wameisoma vitabuni tu. Vifaa vilikuwa vile vile, wapasuaji wale wale. Kilichobadilika ni saa ambazo mgonjwa alikaa kabla ya kufika. Wenzetu waliyaita hayo maajabu ya mwaka wa janga, ilhali kwa mzee wa Newala au Liwale ndivyo ilivyo kila mwaka.

Basi turudi nyumbani kwa mjomba, Newala, Jumapili usiku. Mjomba alikuwa amekula ugali wa muhogo na samaki, akaenda kujilaza. Maumivu yalipoanza hakusema kifua. Alisema "chembe cha moyo."

Lugha yetu hapa imetutega. Chembe cha moyo si moyo, kila mmoja wetu anajua. Ni pale chini ya kifua, tumbo linapoanzia, na mtu akisema chembe cha moyo kinamuuma, jibu la haraka ni gesi, kiungulia, vidonda vya tumbo. Anapewa magadi, anapewa maziwa, anaambiwa apunguze pilipili. Lakini upande wa chini wa moyo umelala juu ya kiwambo, ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, jirani kabisa na tumbo, na mshipa unaoulisha upande huo ukiziba, maumivu huweza kujitokeza hapo hapo kwenye chembe, pamoja na kichefuchefu na jasho la baridi. Na upande huo wa chini ndio wenye kijiguzo kinachokatika mara nyingi kuliko mwenzake. Vijiguzo ni viwili. Kimoja kwa kawaida kinalishwa na mishipa miwili, ukiziba huu kuna ule. Cha pili, cha nyuma upande wa ndani, kwa watu wengi kinategemea mshipa mmoja tu. Kwa hiyo yule mgonjwa anayeelekea zaidi kudhaniwa ana vidonda vya tumbo ndiye huyo huyo ambaye siku chache baadaye valvu yake inaweza kung'oka. Sijui kama kuna mzaha mbaya zaidi ya huo ambao mwili na lugha vimewahi kuufanya kwa pamoja.

Utafiti uliofanywa Moshi, kwenye idara ya dharura ya hospitali kubwa, uliwachukua watu waliofika na maumivu ya kifua au pumzi fupi na kuwapima kwa utaratibu. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo au hali inayokaribiana nao, na wengi hawakuwa wametambuliwa hivyo katika huduma ya kawaida. Hapo ni hospitali kubwa, kwa watu waliofika. Mjomba hakuwa amefika popote. Jumatatu asubuhi alikwenda duka la dawa kwa bodaboda, akarudi na vidonge vya kupunguza asidi, na maumivu yalipokaza jioni mtu akamchoma sindano ya diklofenaki.

Sindano hiyo inastahili aya yake. Kusini hii diklofenaki ni kama chumvi. Mgongo, diklofenaki. Goti baada ya kupalilia mikorosho, diklofenaki. Jino, diklofenaki. Lakini kwa mtu ambaye nyama ya moyo wake inakufa, dawa za kundi hilo, ukiiondoa aspirini, hazitakiwi kabisa. Miongozo ya kimataifa inaagiza zisitishwe mara mgonjwa anapolazwa na mshtuko wa moyo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuongezeka kwa hatari ya kifo, ya moyo kushindwa kufanya kazi, na ya moyo kupasuka. Mtu wa duka la dawa hakuwa na ubaya wowote. Alifanya alichofanya kwa wagonjwa kumi waliotangulia, na wote kumi walirudi kumshukuru. Nami simlaumu hata leo, ila natamani angeuliza swali moja tu kabla ya kuvunja kile kichupa: mzee, jasho hili la nini usiku wa baridi?

Jumanne mchana tukamfikisha hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilichukua dakika chache na jibu likatoka lenyewe kwenye karatasi. Daktari alieleza bila kutuficha kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu ilikuwa imeshapitwa na wakati wake. Inafaa zaidi saa tatu za mwanzo, inakubalika mpaka saa 12, na ikitolewa kwa kuchelewa sana inaweza hata kuharakisha kupasuka kwa nyama iliyokwisha kulainika. Akampa aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu isigande zaidi, akamlaza.

Dawa hiyo ya kuyeyusha, streptokinesi, si kitu cha kigeni wala cha anasa. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti uliojulikana kama ISIS-2, wa wagonjwa 17,187. Uniti milioni 1.5 za streptokinesi zilizopitishwa kwenye mshipa kwa muda wa saa moja, pamoja na aspirini kwa mwezi mmoja, zilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kutoka takriban 13 kwa kila 100 hadi 8. Hapakuwa na haja ya chumba cha upasuaji wala mrija wa kupenya mpaka moyoni. Ilitosha dripu moja, vidonge, na mtu wa kukaa karibu na mgonjwa akiangalia presha na dalili za kutokwa damu. Dawa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mjomba aliugua zaidi ya miaka 30 baada ya utafiti huo, na ikampita kwa sababu Jumapili hadi Jumanne ni zaidi ya saa 36.

Narudi jioni ya siku ya nne, maana kuna jambo la pili nililojifunza pale kitandani. Presha yake ilikuwa imeshuka. Desturi ya wodi nyingi nilizowahi kukaa kama muuguzaji ni kwamba presha ikishuka, dripu inapanda. Muuguzi mmoja alikwishaanza kuitundika. Daktari akamzuia. Mgonjwa ambaye mapafu yake yanafurika kwa sababu ya tundu au valvu iliyong'oka, ukimwongezea maji unamzamisha kitandani. Anachohitaji ni kupunguziwa maji na kuutua moyo mzigo, na kwenye vituo vikubwa huwekewa puto maalumu ndani ya mshipa mkuu, linalojaa na kunywea kwa kufuata mapigo, kumsaidia asukume damu mbele badala ya kuirudisha. Puto hatukuwa nalo. Lakini kuizuia dripu hakukuhitaji chochote zaidi ya kichwa, na kichwa kilikuwepo kwa sababu binti mmoja aliweka kiganja kifuani badala ya kusoma mashine na kuondoka.

Kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti kilikuwepo, mashine ipo, imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Anayejua kuitumia alikuwa masomoni. Nisiseme zaidi juu ya hilo.

Ikabaki kuamua. Na hapa wasomaji wa mikoa mingine wanivumilie niwaeleze jambo la kwetu. Kwa sisi tunaofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli. Ndoa, msiba, shamba, mtoto kupelekwa shule, mwisho wa maneno ni mjomba. Sasa mwenye kauli ndiye aliyelala pale, midomo ya bluu, hawezi kumaliza sentensi. Mama na dada zake walitazamana. Watoto wake mwenyewe walimtazama mama yangu. Sisi wapwa tulimtazama kila mtu. Nikisema zilipita saa mbili kabla ya mtu kusema "apelekwe," sijatia chumvi. Daktari alikuja mara tatu kuuliza, na kila mara alikuta bado tunamtafuta wa kujibu.

Apelekwe wapi? Upasuaji wa kufungua moyo kwa mgonjwa wa huku maana yake ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyoanza kujitegemea 2015 na ambayo imeokoa Watanzania wengi waliokuwa wakipelekwa India. Kutoka Mtwara ni kilomita 560 hivi kwa barabara. Ndege huchukua kama saa moja, kama ipo, kama kuna nafasi, kama rubani atakubali mgonjwa aliye kwenye oksijeni na muuguzi wake. Daraja la Mkapa kule Rufiji, tangu 2003, limetuondolea kivuko na foleni yake, na wazee wanaokumbuka kulala ng'amboni wakisubiri wanalijua thamani yake. Lakini Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ile maeneo ya Somanga na kwingineko, na kwa siku kadhaa Kusini ikakatiwa njia yake ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam. Barabara ya moja kwa moja tunayo hiyo moja tu.

Na tuseme angefika. Hapa ndipo pana takwimu inayopenda kuwadanganya watu, nami nilidanganyika nayo kwa wiki nzima. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa 2,876 waliofanyiwa upasuaji wa kuziba tundu la ukuta wa kati. Jumla, karibu 43 kwa kila 100 walikufa. Waliopasuliwa ndani ya siku saba walikufa 54 kwa kila 100. Waliopasuliwa baada ya siku saba, 18 tu. Ukisoma haraka unasema: kumbe tungesubiri! Asubiri wiki, kovu likaze, kisha ashonwe. Na kweli kuna mantiki ya fundi ndani yake, maana kushona nyama ya siku ya nne ni kama kupitisha uzi kwenye muhogo uliochemka, kila unapovuta unachana. Kuna wapasuaji ambao badala ya kushona kingo za tundu hushona kiraka kikubwa ndani ya chumba cha kushoto, mbali kidogo, kwenye nyama iliyo hai, ili sehemu iliyokufa itengwe kabisa.

Lakini hesabu ile haikuwauliza waliokufa siku ya tano wakisubiri. Waliofika siku ya nane wakiwa hai walifika kwa sababu tundu lao lilikuwa dogo na moyo wao ulikuwa na nguvu. Wasiotibiwa kwa upasuaji, hao wanajulikana: katika utafiti mkubwa wa miaka ya tisini, 94 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa ndani ya siku 30. Kwa hiyo kusubiri ni tiba kwa yule tu ambaye mwili wake umemruhusu kusubiri, na anayeamua hilo anahitaji kumwona mgonjwa kila saa, siyo kusoma wastani.

Valvu ni habari tofauti kidogo, na afadhali niseme ili nisionekane mwenye kukata tamaa tu. Mgonjwa ambaye kijiguzo chake kimekatika akiwahishwa kwenye meza, akawekewa valvu mpya, uwezekano wake wa kutoka salama ni mkubwa zaidi. Kwenye vituo vyenye uzoefu hufa karibu mmoja kati ya watano, na wale wanaotoka huishi miaka karibu sawa na mtu mwingine yeyote aliyepata mshtuko wa moyo wa ukubwa ule. Nyama ya moyo wao huwa haijafa sana, ni kamba tu iliyokatika mahali pabaya. Kwa mgonjwa kama huyo, safari ya usiku kwenda Dar es Salaam inalipa kila lita ya mafuta. Kwa hiyo kuna swali ambalo mtu wa mkoani lazima aweze kulijibu jioni ile ile: ni tundu, ni valvu, au ni ukuta wa nje? Na linajibiwa na ile mashine iliyofunikwa kitambaa, kwa dakika 15, kama mtu wake yupo.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague, sichagui chumba cha upasuaji wa moyo Mtwara. Najua nitatukanwa. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, jengo la kujivunia, na wapo wanaoona kwamba kila kisichokuwemo humo ni dhuluma. Lakini timu ya kufungua moyo inaishi kwa kufanya kazi hiyo mara nyingi, kila wiki, na mipasuko ya aina hii ni michache hata kwenye miji ya mamilioni ya watu. Chumba kitakachopata mgonjwa wa hivyo mara chache kwa mwaka kitamuua kwa ugeni wa mikono. Ningechagua watu wawili waliofundishwa kupima moyo kwa mawimbi ya sauti katika kila hospitali ya rufaa, Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi, na hizi za mashirika ya dini zinazobeba wagonjwa wengi wa bara, Ndanda na Nyangao. Wawili, ili mmoja akienda masomoni mwingine abaki. Ningechagua kipimo cha umeme wa moyo kwenye kila kituo cha afya, na picha ya karatasi yake kutumwa kwa simu kwa anayeweza kuisoma. Ningechagua streptokinesi ikae Newala na Liwale, mahali maumivu yanapoanzia.

Na usafiri. Tayari nchi hii imejithibitishia kwamba inaweza. Mfumo wa m-mama unamwezesha mama mjamzito au mzazi aliyepata dharura kijijini kupiga 115 bure, na gari, hata liwe la mtu binafsi aliyesajiliwa, linamfuata. Gharama hailipwi na shangazi anayeuza kuku usiku. Mzee mwenye jasho la baridi na chembe cha moyo hana namba ya kupiga. Ana mjukuu mwenye bodaboda, kama ina mafuta. Sioni kwa nini mtambo ule ule, madereva wale wale, wasiitike kwa ajili yake pia. Kuna atakayesema watu watapiga kwa kila kiungulia. Watapiga, ndiyo. Wengi watakuwa na gesi, watapimwa dakika chache, watarudishwa nyumbani na karatasi mkononi. Hiyo ni hasara ninayoikubali.

Nasikia pia wakisema tatizo ni pesa za watu, bima. Ni kweli kwa nusu. Jioni ile tulikuwa tunahesabu: kaka mkubwa ana laki tatu, malipo ya korosho ya awamu ile hayajaingia benki, kuna mtu wa kununua mikorosho 40 kwa bei ya kuonea huruma. Tulikuwa tayari kuuza. Hakuna aliyetuambia kwamba tunanunua nafasi ya nusu kwa nusu, tena tukiwahi. Daktari hakutuambia kwa sababu hatukumuuliza, na hatukumuuliza kwa sababu kwetu kumuuliza daktari "atapona?" ni kama kumchulia mgonjwa. Nadhani tungeuza hata hivyo. Lakini tungeuza tukijua.

Saa tisa usiku, kabla ya mikorosho kupata mnunuzi na kabla ya ndege yoyote, mjomba alishika mkono wa mama yangu, akasema jambo kwa Kimakonde ambalo mama hajanitafsiria mpaka leo, akafumba macho.

Wiki mbili baada ya arobaini nilirudi kumwona daktari. Hakuwa na sababu ya kunipokea, alinipokea, tukakaa kwenye benchi nje ya wodi, chini ya mwembe. Nikamuuliza swali nililolibeba siku zote hizo: kama jioni ile tungesema "apelekwe" mara ya kwanza alipotuuliza, angepona? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema labda. Akasema wengi hawaponi hata wakifika. Kisha akanigeuzia swali ambalo sikulitarajia.

"Ile Jumapili. Maumivu yalianza saa ngapi hasa?"

Nikamwambia saa mbili usiku, alikuwa ametoka kula. Akatoa kalamu mfukoni akaandika kwenye kiganja chake, ingawa faili la mjomba lilikuwa limeshafungwa.